Kilichoungua Siku Ile Kiganjo

Baba,

Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kiti chako. Si kile cha sebuleni, ambacho Mama hataki mtu akiguse tangu tukuzike Bungoma. Nazungumzia kile cha mbao, kisicho na mto, kilicho nyuma ya kibanda cha Mzee Njoroge, fundi wa redio wa Ruiru. Wewe unakijua kuliko mimi.

Alinipigia simu mwenyewe. Akasema anafunga kibanda na kuna vitu vyako, nije nivichukue. Nilidhani ni redio uliyopeleka ikakosa kurudi. Mzee akafuta vumbi kwenye rafu, akanipa santuri tatu zilizo ndani ya majalada ya kwaya. Nikamwambia asante, lakini kwaya siku hizi tunasikiliza kwa simu. Akacheka. "Ai, kwani hakukuambia? Toa uone."

Nikatoa. Bwana Piano. Albamu zote tatu, Baba.

Wacha nikukumbushe, maana ile hadithi yako uliisimulia mara nyingi hadi pengine ukaiamini. Bwana Piano ndilo jina tulilompa yule Mzungu wa rock wa miaka ya sabini, kwa kuwa jina lake lilikushinda kutamka. Santuri zake ulizinunua ulipoanza kazi kiwandani Thika, kabla hujaoa. Kila Jumapili baada ya chakula ulikuwa unaziweka moja moja, bado umevaa shati la kanisani, na hakuna aliyeruhusiwa kuosha vyombo mpaka upande wa kwanza uishe. Mimi nilikaa chini, mgongo kwenye spika. "Wacha mkono wa kulia, huo unaringa tu," ulikuwa ukiniambia. "Sikiliza wa kushoto. Huo ndio unafanya kazi."

Kwenye albamu ya pili kuna ule wimbo mrefu ambao piano inaanza peke yake, taratibu, kama mtu anayetafuta funguo ndani ya nyumba yenye watoto waliolala. Ulikuwa unainua kidole kimoja juu. Ukikishusha, ngoma zinaingia, na mimi mwili wote unanisisimka. Kiingereza chake sikukielewa. Nilichoelewa ni kwamba mtu mmoja mwenye vidole kumi anaweza kujaza nyumba nzima, na nilitaka kuwa mtu huyo. Kinanda cha kanisa nilijifunza kwa kumwiga yeye. Nilipofika miaka kumi na minne, watu wa kwaya walishaanza kuniita mwalimu.

Halafu ukaokoka, kwenye mkutano wa injili pale Ruiru. Kwa hilo sikulaumu. Uliacha pombe kweli, na Mama akapata mume. Lakini kwa kanisa letu aliyeokoka alitakiwa achome vitu vyake vya dunia mbele ya watu, na vyako vilijulikana mtaani kwetu Kiganjo kote. Uani kulijaa watu. Mchungaji akaomba, kina mama wakaimba, ukaziweka santuri kwenye moto zikiwa ndani ya majalada yake, ukamwaga mafuta ya taa wewe mwenyewe. Ulisema moshi ni mbaya, watu wakae mbali. Tulikaa mbali.

Kisha ukanigeukia. Ulijua nina kaseti. Upande mmoja nilikuwa nimerekodi nyimbo za Bwana Piano kutoka kwa santuri zako. Upande wa pili nilikuwa mimi, Baba. Mimi, kwenye kinanda cha kanisa, nikipiga ule wimbo mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Ilinichukua mwaka mzima. Ukanyoosha mkono mbele ya watu wote. "Leta hata hiyo, Nafula. Mungu hataki nusu." Nikaleta. Nilitazama ule utepe ukijikunja mpaka ukaisha. Jioni ukaniambia mkono wangu wa kushoto una dunia ndani yake, nisiguse kinanda tena. Sikukigusa. Nilikuwa mtoto wa kutii.

Sasa Mzee Njoroge ananiambia, kama mtu anayeongea habari za mvua, kwamba zilizoungua zilikuwa santuri mbovu za kwake, zilizopasuka. Mlizibadilisha siku mbili kabla. Na kwamba kila Jumamosi saa nane, zaidi ya miaka ishirini, ulikuwa kwenye kile kiti, umeinua kidole.

Jumamosi! Siku yako ya kutembelea wagonjwa. Mama alikuwa anakuchemshia viazi vitamu, anakujazia chupa ya chai, upelekee wagonjwa wa Ruiru. Kumbe wagonjwa walikuwa wawili, wewe na Njoroge, na viazi mlimaliza.

Ingekuwa umemdanganya mchungaji peke yake, ningecheka mpaka leo. Lakini Mzee Njoroge akaniuliza kwa upole kwa nini niliacha kinanda, na nilikuwa nakiweza hivyo. Ulimwambia niliacha mwenyewe. Ati nilichoka.

Nilichoka, Baba?

Ulinisaliti. Nimelitafuta neno jingine siku saba nzima na sijalipata. Ulijua jinsi ya kuokoa kitu usikione kikiungua, ukaokoa vya kwako, halafu ukanyoosha mkono uchukue changu. Ungeninong'oneza tu. Ningekaa kimya. Ningebeba hivyo viazi mwenyewe.

Nilirudi Thika na santuri zako na gramafoni ambayo Njoroge alinipa. Nikawasha jiko la makaa. Nilitaka kumaliza kazi uliyojidai kuifanya. Nikatoa ile ya pili, na pale katikati, kwenye karatasi ya manjano, kuna jina langu kwa penseli. Nililiandika nikiwa na miaka saba ukanifinya sikio. Hukulifuta. Nikapikia makaa yale sukuma, nikala peke yangu, nikalia.

Jumapili hii kuna ibada ya kukukumbuka. Mchungaji amenichagua mimi, kifungua mimba wako, nisimulie ushuhuda wa ule moto, kwa kuwa kanisani wanakujua kwa moto huo. Nimekubali kusimama. Mama nitamwambia kwanza, tukiwa wawili jikoni, maana hastahili kulisikia jambo hili mbele ya watu. Nitamshika mkono. Kisha Jumapili nitasema nilichokiona. Sitasema ulikuwa mtu mbaya, kwa kuwa hukuwa. Nitasema kwamba siku ile Kiganjo kitu kilichoungua kweli kilikuwa kaseti moja, nayo ilikuwa yangu. Halafu nitakaa kwenye kinanda nipige ule wimbo mrefu. Vidole vimekuwa vigumu na nitakosea. Watavumilia.

Kwaheri, Baba. Kukusamehe bado, usiniharakishe. Ahadi ninayo moja: santuri zako hazitachomwa. Zitalia kwangu kila Jumapili baada ya chakula, vyombo vikingoja, na binti yangu ataegemea spika. Akiniuliza ni nani aliyenifundisha kusikiliza, nitamwambia ni wewe. Akiniuliza ni nani aliyeninyamazisha, nitamwambia ni wewe pia.

Nafula