Fimbo Aliyopimia Gari

Mbinya, uko? Ndeti hapa. Tumetoka kuzika baba sasa hivi.

Unakumbuka ile pickup ya buluu? Ile iliharibika mama akiwa ndani, mwaka wa themanini na tatu, akafia njiani kabla ya kufika hospitali. Ile nimemlaumia baba maisha yangu yote.

Leo fundi Njogu, yule alienda na baba Mukuyuni kuinunua, amenishika mkono hapo kaburini. Ati zilikuwa mbili, bei moja. Nyeupe ilikuwa na injini safi. Akamwambia, "Mzee, chukua hii." Baba hata boneti hakufungua. Alitoa fimbo, akapima pale nyuma. Fimbo, Mbinya! Nyeupe ikawa fupi.

"Mama Ndeti hawezi kukaa, mgongo umekataa," baba akamwambia. "Lazima alale amenyooka."

Hiyo fimbo alikuwa ameikata urefu wa mama.

Na mimi nilimwambia mbele ya watu alinunua chuma kibovu. Miaka yote hiyo, hakuniambia habari ya fimbo.

Fimbo iko hapa juu ya mlango, ile tulikuwa tunafukuzia mbuzi. Nimesimama nayo. Inanifika kidevuni.

Nilikuwa nimesahau mama alikuwa mfupi hivi.