Hewa Iliyokula Ncha

4 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo wewe na shemeji? Watoto wazima? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha umri kila nikiinama kwenye mashine. Najua utashangaa kuona mwandiko wangu baada ya miaka kumi na moja. Usiichane kwanza barua hii.

Wiki iliyopita karakana ililetewa mashine ya kukereza iliyofungiwa ndani ya sanduku la kioo. Hewa inatolewa, inajazwa gesi ya agoni, isiyo na oksijeni. Tulikereza titani, metali ileile ya skrubu za kuungia mifupa, kwanza kwenye hewa ya kawaida, kisha ndani ya gesi. Mwendo uleule, ncha za kukatia za aina ileile. Kwenye hewa, ncha ilikwisha kwenye kipande cha kumi na mbili. Ndani ya gesi ilifika cha ishirini, na vinyuzi vilivyokatwa vilitoka vinang'aa, si vya bluu. Mhandisi akatueleza kwamba titani ikishapata moto inaikamata oksijeni ya hewani, na hapo ncha inaanza kuliwa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Miaka ile ulinionyesha vinyuzi vya bluu kiganjani mwako, ukaniambia, "Kaka, ni hewa hii inayokula ncha." Nikakujibu mbele ya wote, "Hewa nayo ina meno?" Karakana nzima ikaangua kicheko, wakakupachika jina la Fundi Hewa. Kisha nikaandika kwenye ripoti kwamba una mkono mzito, unamaliza ncha, nikatia sahihi kama msimamizi wako, ukafukuzwa. Sisi wote tulikuwa tunakata chuma. Wewe peke yako ulipewa titani, nami nikahesabu ncha zako kwa kipimo cha chuma.

Nisamehe, mdogo wangu. Nafasi ipo, nimeiulizia. Rudi.

Kaka yako


26 Mei

Mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Mko salama huko? Barua yangu ilifika? Kama ilifika ukanyamaza, nastahili. Nijibu hata kwa matusi, nitayasoma yote.

Kaka yako


9 Juni

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima, na pole kwa mgongo. Barua ilifika. Niliiweka juu ya kabati bila kuifungua, mke wangu akawa anaifuta vumbi kila Jumamosi wala haniulizi kitu. Ya pili ndiyo iliyonifanya niisome ya kwanza.

Siku hizi natengeneza viti. Mbao hazina makuu; ukikosea unajua ni wewe. Sirudi, kaka. Zana zangu nilizigawa zote, na mikono imeshasahau.

Kufukuzwa kulipita, njaa yake nayo ikapita. Kilichoniuma ni kwamba nilikuamini. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika ncha, ungekoseaje? Miaka mingapi niliuangalia mkono huu nikauona mzito kweli.

Msamaha wa kwenye bahasha siutaki. Ulinicheka mbele ya watu, basi na haya uliyoniandikia uyaseme mbele ya watu.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto.

Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, niliwaita wote. Nikasimama palepale ilipokuwa mashine yako. Nikataja jina lako na la baba yetu, nikasema ulifukuzwa kwa kosa langu, na kwamba uliyaona haya kabla ya mhandisi yeyote kutuambia. Katikati nikanywa maji, nikaanza upya mpaka nikamaliza.

Walinisikiliza kwa adabu. Kisha fundi mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Samahani mzee, huyo ndugu yako ni nani?"

Nikaangaza macho kumtafuta mtu aliyekuwepo siku ile, anisaidie kujibu. Wengine wamestaafu, wengine wamehamia kwingine, wawili tumewazika. Kati ya wote waliokucheka, mdogo wangu, nimebaki mimi tu.

Kaka yako