Sigara Nilizokuficha

Odhiambo, omera,

Hii ni mara ya tatu leo nakaa chini kukuandikia. Mara ya kwanza niliinuka nikaenda kufagia vumbi la mbao nililokuwa nimelifagia jana. Mara ya pili nilitoka hadi kwa mama anayeuza njugu, nikarudi. Sasa nimejifungia karakanani. Ni Jumapili mchana, mtaa wote wa Manyatta uko kanisani au unapika, na miguu yangu inacheza chini ya meza kama ya fundi wa cherehani. Nivumilie. Tangu niache sigara sijui kukaa.

Ndiyo, nimeacha. Mwezi wa tano sasa. Kwako hii ingekuwa habari ya zamani, maana wewe na mimi tuliacha siku moja. Si ndivyo nilivyokuambia? Nilikuambia hivyo mara nyingi, hadi mwisho. Ndiyo sababu naandika.

Jana nilikuwa kwenu Seme. Nilipanga kusimama kaburini nikuambie kwa mdomo. Mambo hayakwenda hivyo, nitakueleza. Lakini acha nianze nyuma kidogo.

Sheria ya karakana hii ilikuwa yako: hakuna moto karibu na gundi na sponji. Tangu siku lile kochi la mwalimu liliposhika cheche na tukalizima kwa shati lako, sigara ikawa kitu cha nyuma, kando ya mtaro. Tulikaa pale kwenye fremu ya kochi ambalo mteja wake hakurudi. Wewe Mjaluo wa Seme, mimi Mbukusu wa Bungoma niliyekuja Kisumu kwa kazi ya wiki mbili na kukaa miaka kumi na mmoja. Siku ya kwanza uliniita omera, ndugu, hata jina langu Barasa hukuwa umelishika vizuri. Ndani tulizungumza vipimo na misumari. Nyuma ndiko tulikozungumza. Nyuma ndiko ulikoniambia mkeo Akinyi ana mimba, ukacheka hadi ukakohoa. Nyuma ndiko nilikokuambia baba yangu amefariki, nawe ukawasha sigara, ukaniwekea mdomoni mwangu kama mtu anayemlisha mgonjwa.

Nikisema nilipenda sigara, sijui kama nilipenda sigara yenyewe au zile dakika.

Kisha sauti yako ikaanza kukwaruza. Tukasema ni vumbi. Tukasema ni baridi ya asubuhi. Siku uliporudi kutoka hospitali ulinipita mlangoni bila salamu, ukaenda nyuma, nikakufuata. Ulisema ni koo, na kwamba daktari alilitaja jina lake bila kuzungusha maneno. Saratani. Ukatoa pakiti mfukoni, ukazitupa sigara zote mtaroni, moja baada ya nyingine, tukaziangalia zikivimba kwenye yale maji meusi. Ukaniambia, "Omera, tunaacha. Si mimi peke yangu. Sisi."

Nikasema, "Sisi."

Wewe uliacha. Niliona kwa macho yangu. Ulitafuna tangawizi hadi midomo ikababuka. Ulikosa tundu la sindano ukitunga uzi, ukamtukana mteja aliyekuja kuuliza bei tu, halafu ukamkimbilia barabarani kumwomba msamaha. Lakini uliacha.

Mimi niliacha siku nne.

Siku ya tano nilipeleka viti Mamboleo. Mwenye nyumba hakuwepo, ikabidi ningoje nje ya geti lake, na ng'ambo ya barabara kulikuwa na kibanda. Nilinunua moja. Nikajiambia hii ni ya kungojea tu. Siku ya sita hapakuwa na kitu cha kungojea, na nikanunua mbili.

Ndipo nikawa fundi wa jambo jingine. Nilijua majani ya mpera yanavyoua harufu mdomoni. Niliweka ndimu kwenye mfuko wa aproni nisugue vidole. Nilikuwa na shati la kuvutia sigara na shati la kukutana nawe. Ukiniuliza, "Tunaendeleaje?" nilikuwa nasema, "Ni ngumu, lakini tunasonga," na nilikuwa nashusha pumzi kidogo, kama mtu anayeteseka. Odhiambo, hata kuteseka kwako niliiga.

Kisha wakakupasua, wakakuwekea ule mpira wa kupumulia shingoni, na sauti ikaisha. Nilikuja kila siku saa ya kutazama wagonjwa. Hilo sikudanganya. Nilikuja kila siku. Lakini kabla ya kuingia nilisimama nje ya ukuta wa hospitali, pale wanapouza ndizi na uji, nikavuta moja haraka haraka, nikatafuna majani yangu, ndipo nikapanda ngazi. Ulikuwa na daftari la shule la binti yako, na maandishi yako ya kuegemea kando kama mbao iliyokatwa vibaya. Kila siku uliniandikia swali lile lile: "Siku ngapi?"

Nami nilikujibu. Ishirini. Ishirini na moja. Arobaini. Nilihesabu tangu ile siku ya mtaro, kana kwamba Mamboleo haikuwepo. Siku ya arobaini ulimvuta muuguzi mkono, ukanionyesha kwa kidole, ukaandika, "Huyu aliacha na mimi." Yule mama akanipongeza. Ukanishika mkono, na mimi nikafikiria kitu kimoja tu, kama ndimu ilikuwa imefanya kazi.

Samahani. Nimetoka nje kidogo. Nimezunguka karakana mara mbili, nimekunywa maji, nimerudi.

Siku ya mazishi yako ndugu yako mkubwa alisoma wasifu. Alifika mahali akasema marehemu alikuwa na rafiki wa kweli, Barasa, aliyeacha sigara ili asimwache peke yake katika vita vile. Watu wakapiga makofi. Mazishini, omera, watu walipiga makofi kwa ajili yangu. Niliambiwa nisimame wanione. Nikasimama. Kwenye koti langu kulikuwa na pakiti, ilikuwa inanigusa kifuani. Ulipokwisha kufunikwa nilienda nyuma ya choo cha shule ya jirani, nikavuta tatu mfululizo, nikatapika.

Baada ya hapo nilivuta kuliko wakati wowote. Hapakuwa tena na mtu wa kumficha isipokuwa mkeo, na Akinyi hakuwa anakuja huku. Hadi siku moja akaja. Alitaka nimtengenezee binti yako kitanda, amekuwa mrefu, miguu inatoka nje. Hakubisha. Alizunguka moja kwa moja nyuma, na mimi nilikuwa pale kwenye fremu, sigara mkononi. Niliifunga ndani ya kiganja. Ikanichoma, nami nikaendelea kumsalimia, "Karibu shemeji, habari za nyumbani," macho yananitoka.

Akanitazama. Akasema, "Shemeji, fungua mkono. Usijichome bure. Alijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Kwamba unavuta. Alijua tangu wiki ya kwanza."

Nikakaa. Nikamuuliza kwa nini basi ulikuwa ukiniuliza siku ngapi, kila siku, na kuniandikia, na kumwambia muuguzi. Akasema hata yeye alikukasirikia kwa hilo. Ulimwandikia kwamba ukiniambia unajua, nitaona haya, nitaacha kuja. Na ulitaka nije. Akasema pia ulimwandikia, "Nitazidi kumuuliza. Labda siku moja atachoka."

Unajua nilihisi nini? Hasira. Si majuto, hayo yalikuja baadaye. Nilikukasirikia kama mtu aliyeibiwa. Niliacha karakana wazi, nikatembea kwa miguu kutoka Manyatta hadi Dunga, jua la saa saba kichwani. Nilisimama pale boti zinaposhusha omena, dagaa wa ziwani, na nikakusema kwa sauti. Kwamba ulinifanya mjinga. Kwamba uliniacha na uongo wangu mwenyewe ukaniangalia tu. Wanawake waliokuwa wakianika samaki walinitazama wakadhani nimelewa. Ungesema neno moja tu! Ungeandika hata "Najua." Ningekasirika siku mbili, ningerudi. Nadhani ningerudi. Hapo ndipo sina hakika, na hapo ndipo hasira ilipokatika. Wewe ulinijua kuliko mimi. Huenda kweli nisingerudi.

Ningependa kukuambia niliacha siku hiyo. Hapana. Nilinunua mbili pale pale Dunga.

Niliacha wiki tatu baadaye, Jumanne, bila sababu ambayo naweza kukuonyesha. Niliamka tu nikaenda kliniki. Muuguzi wa pale ni mama mkali, hana maneno ya kubembeleza. Aliniuliza navuta saa ngapi, wapi, na nani. Nilipomwambia kuhusu nyuma ya karakana akasema nisikae tena mahali pale. Akasema hamu ikija ninywe maji, nitembee, nishike kitu mkononi, itapita, na ikirudi itapita tena. Kisha akaniuliza, "Ni nani utakayemwambia ukweli kila siku?" Akainua kichwa kutoka kwenye kitabu chake akaningoja. Nikasema kuna shemeji yangu.

Basi ndivyo tunavyofanya. Kila jioni namtumia Akinyi ujumbe wa simu. "Leo hapana." Maneno hayo tu. Siku ya tisa niliandika, "Leo ndiyo." Nilishika simu nusu saa kabla ya kuutuma. Odhiambo, kuacha ni kugumu, lakini kuandika lile neno kulikuwa kugumu zaidi. Nilidhani atanipigia, atalia, ataniambia nakuangusha. Alijibu, "Sawa. Kesho." Nimeandika "ndiyo" mara mbili tu. Ya pili ilikuwa baada ya mteja kunikatalia viti vya kitambaa nilichokata vibaya. Tangu ile ya pili ndipo nimeanza kuhesabu hii miezi.

Ungeniona ungecheka. Ile fremu ya nyuma niliivunja kwa shoka wiki ya pili, mbao nzuri kabisa, nikampa mama wa njugu kuni. Natafuna miwa kama ng'ombe. Suruali zimebana. Nasikia harufu ya gundi siku hizi, sikujua ni mbaya hivi, na nasikia ya ziwa hata nikiwa huku mbali, upepo ukigeuka. Mke wangu Nafula alinivumilia mwezi wa kwanza, kisha siku moja niliposogeza meza ya chakula mara ya tatu akasema, "Baba, heri uvute." Akajifunika mdomo palepale. Tulicheka hadi watoto wakaja kutazama. Lakini usiku ule aliniomba msamaha, na mimi nilikuwa karibu kumshukuru kwa ruhusa.

Sasa, jana.

Nilimpeleka Akinyi na watoto wenu Seme. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Nilipofika kaburini nikamkuta mama yako amekaa kwenye mkeka karibu nawe, anabambua njugu. Alinifanyia nafasi. Unajua Dholuo yangu ilivyo, kwa hiyo alinihurumia kwa Kiswahili chake, polepole. Akasema, "Barasa, mimi naombea wewe kila siku. Wewe ndio uliacha na mtoto yangu."

Ningeweza kusema ero kamano, Mama, asante. Ilikuwa rahisi. Angekufa siku moja akiwa na rafiki mwema wa mwanawe kichwani, na nani angeumia? Nilishika njugu nikaanza kubambua nami, mikono inatafuta kazi. Nikasema, "Hapana, Mama. Sikuacha naye. Nilimdanganya hadi akafa."

Aliendelea kubambua. Maganda yalikuwa yanaanguka kwenye gauni lake. Nilimweleza yote, ukuta wa hospitali, makofi, pakiti kwenye koti. Hakuniangalia. Nilifikiri ataniambia niondoke, na nilikuwa nimeshajua nitaondokea upande gani wa boma ili nisimpite ndugu yako.

Mwisho akauliza, "Na sasa?"

"Mwezi wa tano, Mama."

Akakung'uta maganda kwenye gauni lake. Halafu akasema, "Mimi sitaambia wao. Wewe utaambia." Akainuka kwa shida, nikamshika kiwiko, hakuutoa mkono wangu. Akasema twende tule.

Nilimwambia ndugu yako baada ya chakula. Hakunijibu vizuri, na ana haki. Alitoka nje akaniacha na sahani. Sijui kama atanisalimu nikienda tena. Nitakwenda tena.

Kwa hiyo jana sikupata nafasi ya kukuambia wewe, na ndiyo maana leo naandika, ingawa unayajua yote. Nataka tu yatoke kwangu. Ulingoja niyaseme, nikayasema umeshaondoka. Nisamehe kwa hilo kuliko kwa sigara.

Hata sasa ninavyoandika nataka moja. Nataka vibaya, omera, hadi meno. Kibanda cha sigara kiko hatua ishirini na dada wa pale anafungua baada ya kanisa. Siwezi kukuahidi kwamba sitavuta tena maishani. Nimewahi kukuapia hivyo, na unajua kiapo changu kilikuwa na thamani gani. Ninakuahidi hili: mtu yeyote atakayeniuliza, awe Akinyi, mama yako au binti yako akikua, nitamwambia vile ilivyo. Nikiwa sijavuta nitasema. Nikiwa nimevuta, nitasema nikiwa bado nanuka moshi.

Sasa natoka nikatembee.

Oriti, omera. Lala salama.

Barasa