Ripoti ya Mwalimu Kivuva

S.L.P. 31,
Makindu.
4 Septemba, 1994.

Kwa kaka yangu mpendwa Muthama,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na wifi Ndinda na watoto wote, nikitumai barua hii itawakuta wazima huko Mtito Andei, na kwamba kifua chako kimepata nafuu licha ya vumbi la malori. Sisi huku Kiboko hatujambo. Mwaitu anasumbuliwa na lile goti lake ambalo huuma siku ya shamba na kupona siku ya harusi. Anakusalimu sana na anauliza kama mwanawe umesahau njia ya kwenu.

Katika barua yako uliniuliza kama ni kweli Mwalimu Kivuva aliangushwa kwenye mafunzo ya viongozi wa skauti, na kama nilikuwepo. Ni kweli, na nilikuwepo. Najua kwa nini umeuliza. Wewe ndiye uliyeniambia miaka tisa mfululizo nimwachie Mungu, na sasa unataka kujua kama Mungu alifanya kazi hiyo peke yake.

Wajua yaliyotokea mwaka wa themanini na tano, lakini acha niyaseme tena, maana nikiyasema napata nguvu. Nilikuwa nimejitolea na skauti wa shule yetu miaka sita bila kupewa hata asante, kila Ijumaa jioni na kila Jumamosi, walimu wenzangu wakiwa sokoni. Kivuva alikuwa mwalimu mkuu. Tulikwenda naye kambini kwa mafunzo ya kwanza, kisha kila mmoja akatakiwa kufanya kazi na vijana mwaka mzima na kuiandika kwenye daftari. Daftari likikubaliwa, kiongozi huvishwa shanga mbili za mbao shingoni. Yeye hakusimama na vijana hata Ijumaa moja. Mimi niliandika kurasa themanini na sita. Niliandika hata jinsi bibi yetu Susu alivyotufundisha kutafuta maji katika mto wa mchanga, uangalie mahali nyuki wanapotua, na mchanga unaobaki baridi jua likiwa limeshapanda.

Nilimpa Kivuva daftari alitie sahihi na kulituma. Baada ya miezi akaniambia limepotea posta. Kisha siku ya gwaride, mbele ya wazazi na machifu, mkubwa wetu wa skauti akamvisha Kivuva shanga mbili, akamsifu kwa kurasa zake nzuri kuhusu maji ya mchangani. Mimi nilikuwa nimesimama juani na vijana. Nilipiga makofi, kaka. Hayo makofi ndiyo sijayasahau.

Nilipokwenda kulalamika niliambiwa mwanamke mwenye adabu hagombani na mkubwa wake, niandike daftari jingine. Nikaandika. Nikapata shanga zangu nikiwa nimechelewa miaka mitatu, nikaendelea kusoma hadi nikawa mkufunzi, mwenye shanga nne. Kivuva akawa ananisalimia kanisani kwa tabasamu, nami nikimrudishia. Watu wakadhani yamekwisha. Hasira yangu ni kama moto wa kuni za mgunga, Muthama. Ukiufunika kwa majivu, kesho utaukuta.

Aprili mwaka huu mafunzo yalifanyika huku kwetu, na aliyeyasimamia ni Bwana Kinuthia, mtu wa Murang'a, mpole na mwenye haraka. Aliniita niwe mmoja wa wakufunzi, pamoja na wageni kutoka Nairobi. Nilipopewa orodha ya wanafunzi nilikuta jina la Kivuva. Anakaribia kustaafu, na alitaka shanga ya tatu ili awe mfunza viongozi katika wilaya yetu mpya ya Makueni. Alishamwambia kila mtu kanisani. Mkewe alishamshonea shati.

Katika mafunzo haya watu wazima hugeuzwa vijana. Hugawanywa vikosi vyenye majina ya ndege, hupika, hukaguliwa mahema, huosha sufuria. Kila kikosi hupewa mkufunzi mmoja wa kukitazama, na mwisho mkufunzi huyo huandika ripoti ya siri juu ya kila mtu. Wanafunzi hawaambiwi nani aliandika nini. Nilimwomba Kinuthia anipe kikosi cha Kivuva, nikasema ni mtu wa kwetu, itakuwa rahisi. Hakuuliza lolote.

Nilimtesa, sikufichi. Nilimfanya akunje blanketi mara nne. Nilimtuma maji mara mbili zaidi ya wenzake, na mzee ana miaka hamsini na minne. Nilichotaka ni akasirike, anitukane, ili niandike ukweli na dhamiri yangu ilale. Hakukasirika. Alikuwa akijibu ndiyo mkufunzi, na kuchukua ndoo.

Siku ya nne nilikipeleka kikosi kwenye mto mkavu, nikamwambia Kivuva awaongoze wenzake hadi kwenye maji bila kuuliza mtu. Nilikuwa nimefurahi tangu asubuhi. Nilijua atachimba kama fuko mpaka saa sita, na wote wataona aliyevishwa shanga kwa maji asiyoyajua. Alitembea ameinama, akagusa mchanga kwa kiganja hapa na pale, akasimama akitazama nyuki. Akapiga magoti na kuchimba. Mkono haujazama hadi kwenye kiwiko, maji yakatoka. Akawaeleza wenzake kwa maneno yangu yaleyale, maneno ya Susu, neno kwa neno. Wakampigia makofi. Nilikwenda nyuma ya kichaka nikalia kwa uchungu.

Kesho yake asubuhi, siku ya kufunga, alinijia nikiwa kwenye masufuria, mikono yake imejaa majivu. Alisema kwa miaka tisa amekuwa akitafuta namna ya kuanza. Alikiri kwamba daftari lilikuwa langu, na kwamba aliona aibu mwalimu msichana aliye chini yake amemaliza kazi ambayo yeye hakuianza. Alisema amelisoma mara nyingi mpaka akaanza kwenda mtoni peke yake kujifunza. Akaniomba msamaha. Akasema nikitaka, atasimama mbele ya wote kabla ya bendera kushushwa na kusema yote.

Nilimwambia hakuna haja, yamekwisha. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Wajua huku kwetu kumpa mtu mkono wa kushoto ni dharau, lakini skauti husalimiana hivyo kwa kuwa ndio ulio upande wa moyo. Nikampa wangu. Aliushika akalia, mzee mzima.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilimkataza kusimama mbele ya watu si kwa huruma. Nilijua akikiri, watu watamsifu kwa ujasiri, na atatoka pale akiwa msafi kuniliko. Mchana huo nilikaa chini nikaandika ripoti yake. Niliandika kwamba ni mwepesi wa hasira. Niliandika kwamba anadharau wanawake waliomtangulia kwa mafunzo. Niliandika kwamba alishindwa kuongoza kikosi kwenye maji, na kwamba hafai kufunza watu wazima. Mkono wa kushoto nilimpa yeye, wa kulia ukaandika. Sheria ya kwanza ya skauti ni kwamba neno lake ni la kuaminiwa. Nimeifundisha miaka kumi na tano. Kinuthia aliniamini.

Jibu lilikuja Julai. Kivuva amekataliwa, na kwa sababu anastaafu, hatapewa nafasi nyingine. Kazi ya kufunza viongozi wa wilaya nimepewa mimi.

Jumamosi iliyopita alikuja hapa nyumbani kwa miguu. Alisema wageni wa Nairobi wamemwona hafai, naye amekubali, huenda ndiyo malipo ya lile daftari. Lakini alisema anajua mimi nilimtetea, kwa kuwa nilikuwa nimemsamehe, na hakutaka kukaa bila kunishukuru. Akamkabidhi Mwaitu jogoo mwekundu na pojo kwenye kikapu cha kyondo. Mwaitu akambariki. Jumapili baada ya ibada tulimchinja jogoo. Nilikula paja na shingo, nikaomba mchuzi mara ya pili.

Wewe ni shemasi, utaniambia nitubu. Nitatubu, kaka, lakini bado nina utamu wake mdomoni. Ukiisoma barua hii ichome, na usimwombee Kivuva kwa sauti mbele ya wifi, asije akauliza.

Msalimie Ndinda, na watoto mmoja mmoja kwa jina. Mwaitu anasema mje Desemba. Mungu awalinde, nami anivumilie.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mumbua.