Kutu ya Pikipiki ya Tony

Kwako Shemeji Walter, huko Migori,

Huku Rangwe mvua imelaza mahindi, lakini watoto ni wazima. Ile pikipiki aliyoiacha ndugu yako ufuoni Homa Bay alipopanda boti iliyozama, tumeletewa ikiwa imejaa kutu. Nilianza na stilwaya ya sufuria, ikakwaruza rimu. Sasa nasugua polepole kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nikiichovya majini. Kutu inatoka, Shemeji! Nakausha, napaka mafuta ya mgando ili unyevu usiile tena. Jana niliuona uso wangu kwenye ekzosi. Tony akirudi asiikute imeoza.

Mama yenu anasema nimerukwa na akili. Mwili haujaonekana, kwa hivyo wazee wamechuma tunda la yago walizike Jumamosi mahali pake. Tunda! Mimi nitaliliaje tunda, nimwite Tony?

Hawawezi kuanza bila wewe, kaka yake mkubwa, kutupa udongo wa kwanza. Mama ameniambia nikuandikie, nikuhimize ufike mapema.

Basi nimekuandikia. Nakupigia magoti, Shemeji, usije.

Mke wa Tony,
Risper