Wiki Mbili za Kulitia Umeme Gari la Mzee Faki

Jumatatu, 4 Agosti

TV ya tatu leo. Zote mende. Mende wa Chake Chake wanapenda joto la TV kuliko sukari. Nimewafukuza, nimebadilisha kapasita mbili, ikawaka. Mwenyewe akasema mikono yangu ina dawa. Najua.

Da Raya kwenye meza yake, jicho kwenye lenzi, pumzi kaizuia. Simu ya Bi Mize, mteja wetu, imeingia maji. Dukani tumo wawili tu tangu baba afariki, dada na mie. Yeye simu. Mie TV, redio, sola. Yeye kasoma mpaka chuo cha ufundi. Mie niliachana na skuli kidato cha pili. Au skuli iliachana na mie. Inategemea unamuuliza nani.

Jioni zogo barazani. Kampuni moja ya simu huko Uchina imetengeneza gari na watu wanalinunua. Kampuni nyengine ya simu, kubwa na tajiri, ilihangaika na gari miaka na miaka, ikaacha. Wenzangu wanabishana. Nusu wanasema muuza simu auze simu. Mie nikawamaliza. Nimewaambia gari la umeme ni simu yenye magurudumu. Betri, kioo, mota, basi. "Nipeni wiki mbili, hata gari la ng'ombe la Mzee Faki nalitia umeme."

Wamecheka mpaka mmoja kapaliwa na kahawa.

Mzee Faki mwenyewe alikuwepo, kafuata redio yake. Hakucheka. Kasema "Inshallah", kaitia redio kwapani, kaenda zake.

Jumatano, 6 Agosti

Balaa.

Nafungua duka asubuhi, nakuta gari la ng'ombe mlangoni. Gari. Ng'ombe hakuna. Mzee Faki kakaa juu yake, kofia kaivaa vizuri kama anasubiri kuitwa kwa sheha. Nikamuuliza Bwana Afya yuko wapi. Bwana Afya ndiye ng'ombe wake. Tulimpa jina hilo kwa sababu hapiti jaa la taka bila kulikagua.

"Nimemuuza. Kachukuliwa na Shaame wa Wawi."

Nikacheka. Hakucheka. Nikaacha.

Magoti yake yamechoka, kasema. Kila alfajiri kukata majani, kufunga, kubeba. Ng'ombe hajui kama leo unaumwa. Gari la umeme halili majani. "Na weye umesema wiki mbili, mjukuu wangu. Karafuu ndio kwanza zinaiva. Wiki mbili nitavumilia."

Sasa nimweleze vipi? Nimwambie yale yalikuwa maneno ya baraza? Mtu mzima kauza ng'ombe kwa maneno yangu. Hapa kwetu Tibirinzi karafuu za watu wote anazibeba yeye, kutoka shambani mpaka kwenye majamvi ya kuanikia. Huo ndio ulaji wake, hana mwengine.

Nikasema, "Sawa, babu." Mdomo huu.

Da Raya kaniita ndani. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Kasema, "Sisi tunatengeneza vitu vinavyolia na vinavyowaka. Lini tulianza vinavyobeba watu?" Nikamtajia kampuni ya simu. Akasema kampuni ile ina kiwanda, mie nina bisibisi.

Imeniuma. Sasa nitalitengeneza kwa hasira.

Ijumaa, 8 Agosti

Jana nimepata mota. Kuna bajaji ya umeme iliyotumbukia baharini pale Wesha ikishushwa kutoka chomboni. Mwenyewe kaisusa. Nimeing'oa mota, nimeiosha, nimeianika juani kama dagaa. Mabaki yote, vyuma na ngoma za magurudumu, nimeyatupia watu wa chuma chakavu. Kutu tupu. Ya nini?

Betri nne za sola. Mbili zangu, mbili za duka. Da Raya kaona, karudi kwenye lenzi yake.

Fundi wa kuchomelea kaifunga mota kwenye ekseli, kanifungia na gurudumu la mbele. La toroli. Usukani wa baiskeli. Watu wanapita wanauliza hiki ni kitu gani. Nawaambia lipeni kiingilio.

Baada ya sala ya Ijumaa tumeliinua juu ya mawe, nimegusa waya. Magurudumu yamezunguka hewani. Yamezunguka! Mzee Faki kasema "Subhanallah" na mie nimepiga ukelele kama bibi harusi kaingia.

Halafu nikakaa chini nikajiona mjinga. Sijui kwa nini. Kazi imefaulu, moyo umekataa kufurahi.

Jumapili, 10 Agosti

Limetembea. Nimelipeleka barabara iliyonyooka, mwenyewe juu, miguu nimening'iniza. Kwenda na kurudi. Nikitaka kusimama naachia swichi, linajifia lenyewe polepole. Safi.

Nimetia taa mbele. Nimetia honi. Nimetia redio na spika mbili. Hakuna gari la ng'ombe Pemba nzima lenye besi kama hili. Wale wa barazani leo kimya. Mmoja kaniita Injinia, na safari hii hakunitania. Nadhani.

Simu ya Bi Mize bado iko mezani. Da Raya alihitaji nimshikie taa na mie sikuwepo. Siku nzima sikuwepo. Wateja wawili wamechukua TV zao wakaenda kwa fundi mwengine. TV zangu mie! Kwa yule asiyejua hata kushika risasi ya kuunganishia waya!

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbili nasoma kwenye simu habari za zile kampuni mbili na magari yao. Macho yamevimba. Mchambuzi mmoja anasema waliotengeneza gari walikuwa na akili, maana simu kila mtu anayo, uuze nini tena. Mwengine anasema walioacha ndio wenye akili, maana gari linakula mtaji na wakati na vichwa vya watu. Wote wana tai. Wote wanasema kama wanajua.

Asubuhi nakubaliana na huyu. Mchana na yule.

Na walioacha, walikuwa na kila kitu. Mafundi wa dunia nzima. Waliona nini ambacho mie sikioni?

Kesho karafuu za Bi Mize zinachumwa. Mzee Faki keshakubali kuzibeba, keshokutwa. Kasema, "Kuna Hamad." Ananitaja mie, nimesikia mwenyewe akiwaambia watu. Kuna Hamad.

Alhamisi, 14 Agosti



Magunia manne ya karafuu mbichi. Mzee Faki kapanda juu yake. Nilimwambia atembee, akasema miaka yote katembea kando ya ng'ombe, leo anapanda. Kilima cha kwanza limepanda taratibu, linalia kama mtoto lakini linapanda. Mie mbele kwenye usukani, nikafungua redio. Watu wakapunga mikono.

Kisha mteremko.

Nikaachia swichi. Halikusimama. Lilizidi. Nikachomoa waya kabisa. Lilizidi. Simu ukiizima inazima. TV ukiizima inazima. Hili nimelizima lote na linakimbia, na redio inaimba, maana redio niliipa betri yake mbali.

Na Mzee Faki juu ya magunia akapiga kelele, "Hooo! Hooo, Bwana Afya! Hooo!"

Hakuna ng'ombe. Anamwambia asimame ng'ombe ambaye hayupo.

Nilikata usukani kuingia kwenye mihogo. Gurudumu la toroli lilichomoka. Sikumbuki vizuri. Nimemkuta Mzee Faki kakaa kwenye matuta, kofia imepotea, mkono wa kulia kaushika. Kitu cha kwanza kauliza karafuu. Cha pili kauliza kama mie nimeumia. Sikuwa na hata mkwaruzo. Naona haya kwamba sikuwa na mkwaruzo.

Hospitali wamesema kifundo cha mkono kimevunjika. Plasta. Mie, Bi Mize na wanawe tumeokota karafuu mihogoni mpaka adhana ya Magharibi. Hakunitukana. Kasema tu, "Na simu yangu je, baba?"

Ijumaa, 15 Agosti

Nilifikiria betri. Nilifikiria nyaya, mota, taa, honi, nilifikiria mpaka besi. Kusimama sikufikiria.

Ng'ombe ndiye alikuwa breki. Tangu mdogo namwona Bwana Afya anavuta, nikadhani kazi yake kuvuta. Kumbe nusu ya kazi ni kuzuia. Mteremko wote ule, miaka yote ile, yeye ndiye alikuwa anazuia, na hakuna mtu aliyemsifu.

Na zile ngoma za bajaji nilizowatupia watu wa chuma chakavu, breki zilikuwa ndani yake. Nilizitupa kwa mkono wangu.

Nikamwambia Da Raya breki si kitu, fundi wa pikipiki atatia kwa siku moja. Akaniangalia. Akasema, "Atatia. Na baada ya breki kuna jengine ambalo hulijui. Kisha jengine. Ungempakia mama?"

  Juzi ningesema ndiyo papo hapo.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda Wawi kwa miguu. Bwana Afya kafungwa chini ya mnazi nyuma ya nyumba ya Shaame, ananusa ganda la ndizi. Hakuniangalia hata kidogo. Ana haki.

Shaame kasema Alhamisi anamwoza binti yake. Bwana Afya ni pilau.

Nimemwambia yule ni mzee, nyama yake utatafuna mpaka mjukuu azaliwe. Kacheka. "Nyama ngumu hushibisha watu wengi, yakhe. Unataka ng'ombe, nipe ng'ombe."

Ng'ombe ninaye. Dume, mchanga, kanona, yuko kwa baba mdogo. Nilimfugisha kwa ajili ya harusi yangu mie. Nilishawatangazia watu wote kwamba harusi ya Hamad watu watakula mpaka wafungue vikoi.

Nimerudi njia nzima nagombana na nafsi yangu. Kwa nini mie? Mzee si kauza kwa hiari yake? Nilimshika mkono? Halafu nasikia ile sauti. Hooo.

Jumanne, 19 Agosti

Nimebadilishana. Shaame kampapasa dume wangu mgongo, kafurahi kama kaletewa bwana harusi wa pili. Sikugeuka nyuma.

Nimemvuta Bwana Afya mpaka Tibirinzi. Amekagua kila jaa. Nilimwacha akague.

Nilidhani Mzee Faki atalia au ataniombea dua. Kamwangalia ng'ombe, kamwangalia kwato. "Kakonda. Nani atamkatia majani? Mkono ndio huno." Kaninyooshea plasta.

Nikasema, "Mie, babu."

"Weye? Kila alfajiri?"

"Kila alfajiri."

Hakusema Inshallah safari hii. Kasema, "Tutaona."

Nilitaka kuing'oa mota, nirudishe betri za duka. Mbili nimerudisha. Nilipofika kwenye mota kanizuia. Kasema gurudumu la toroli liondoke, lakini mota niiweke, siku nitakapojua kulisimamisha gari nimwite. Simwelewi. Kavunjika mkono na bado anataka. Da Raya, ambaye hajavunjika kitu, hataki kulisikia. Nani kati yao ana akili? Kila nikidhani nimejua, najikuta sijui.

Barazani wameniuliza tena. "Haya Injinia, kampuni ya simu itengeneze gari au isitengeneze?" Nikasema sijui. Wakarudi kwenye kahawa zao. Walikuwa wamejiandaa kucheka.

Ijumaa, 22 Agosti

Majani yana umande. Viganja vina malengelenge. Nimechelewa dukani, Da Raya kaniwekea chai, kaifunika kwa sahani. Simu ya Bi Mize imewaka, dada nilimshikia taa.

Kabla ya sala tumebeba magunia mawili, mie na Bwana Afya. Mzee Faki kabaki kivulini, karibu na nyumba. Kwenye mteremko sikushika kamba. Nilitembea nyuma nikitazama miguu yake. Anaketisha kiuno kidogo. Anachimba kwato za nyuma. Gari linamsukuma, yeye anakataa, linamsukuma, anakataa, mpaka chini.

Nimemwangalia safari mbili. Bado sijaona analizuiaje.