Punje Mbili za Tunda Moja

Bakoba, Bukoba
4 Septemba

Mpendwa Dada Hafidha,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na migomba na yule ng'ombe wako mkaidi. Sisi huku hatujambo. Mke wangu Maulida anakusalimu. Mafua yamemwacha, ila ukungu wa ziwani kila asubuhi unamrudishia kikohozi.

Najua utacheka kuona nimeshika kalamu. Wewe ndiye uliyesema simu yangu siku hizi ni redio ya kijiji, kwa kuwa anayeipokea ni Riyadhi, msaidizi wangu, na akiipokea ofisi nzima inasikia. Basi nimekutii. Rutashobya wa basi atakuwa tarishi wetu.

Umeshasikia kwamba baada ya diwani wenu kufariki, Mungu amrehemu, uchaguzi mdogo umepangwa Novemba. Chama cha Kengele kimenikabidhi mimi niusimamie kutoka hapa mjini. Dada, hii ni bahati ambayo nimeisubiri tangu nina nywele nyeusi. Tukishinda, kiti cha katibu wa mkoa hakiko mbali. Tukishindwa kwetu Ijumbi, mahali kilipozikwa kitovu changu, nitakuwa kichekesho. Mgombea wetu ni Kagaruki, yule mwenye mashine ya kukoboa kahawa. Wapinzani, wale wa Mtungi, wamemweka mama mmoja anaitwa Vestina.

Nimekutumia bendera. Itundike kwenye mlingoti wa Tata. Baba yetu alikuwa Kengele tangu siku ya kwanza, na kila apitaye barabarani aone kwamba kibanja chake, shamba la migomba aliloliacha, hakijageuka. Kuhusu kura yako sina wasiwasi. Damu ni nzito kuliko maji.

Mdogo wako,
Anwari


Ijumbi, Muleba
13 Septemba

Mdogo wangu Anwari,

Waalaykum salaam, waitu. Mimi mzima, na ng'ombe mzima pamoja na ukaidi wake. Mgongo huniuma asubuhi, likichomoza jua unasahau. Mwambie Maulida anywe mchaichai na aache kufungua dirisha kabla ukungu haujaondoka. Nimekufungia akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kama kawaida, nimeichemsha na majani yake ya kunukia kama alivyofanya Ma. Usimwachie Riyadhi aitafune yote.

Bendera imefika. Sijaitundika. Usikunje uso kwanza, nisikilize.

Siku ilipofika niliikunja nikaiweka miguuni pa kitanda, mvua ikaanza ile ya taratibu, nikapitiwa na usingizi wa mchana. Nikamwona Tata anatoka kwenye migomba, ukungu ukiwa umemfika kiunoni, amevaa ile kanzu yenye kiraka. Akachukua bendera yako, akaanza kufutia majani ya migomba, moja baada ya jingine, polepole, kama anamfuta mtoto uso. Nikamwuliza, "Tata, nimpe nani kura?" Akaniangalia, akasema, "Magugu yamefika mlangoni." Kisha akarudi alikotoka. Nilipoamka nikatoka kuangalia, na kweli magugu yalikuwa yamefika mlangoni. Nikachukua jembe. Tata alipokuwa hai hakujibu swali lolote moja kwa moja, na kufa hakujambadilisha.

Kagaruki wako alipita Jumanne. Gari lenye spika lilisimama barabarani, akanipungia mkono dirishani. Nikaingia ndani mbio kuchukua kikapu cha akamwani, maana mgeni ni mgeni hata akija na kelele. Nilipotoka gari lilikuwa limeshaondoka, spika inasema, "Mama, tunakupenda!" Nikabaki nimesimama uani na kikapu changu. Sikukasirika, Anwari. Nilijihisi tu kama mtu aliyeota kwamba alitembelewa.

Najua mimi ni damu yako. Lakini sijaamua, na sitakudanganya kwamba nimeamua. Niache niendelee kuota.

Dada yako,
Hafidha


Bakoba, Bukoba
21 Septemba

Dada Hafidha,

Salaam nyingi. Maulida amekunywa mchaichai na kikohozi kimepungua, anakushukuru. Mgongo je? Ukizidi nenda zahanati, usimsubiri Tata akuandikie dawa ndotoni.

Kagaruki siku ile alikuwa na haraka, mikutano mitatu kabla ya adhuhuri. Nimemsema. Ni mtu mzuri akitulia.

Akamwani imefika. Nilitafuna punje ya kwanza mlangoni pa ofisi huku natazama ziwa, na ghafla nikawa na miaka saba. Unakumbuka tulipogombania ule mpira wa majani makavu, ukaning'ata bega? Ma hakutuchapa. Alichukua tunda moja la kahawa, akalipasua kwa meno, punje moja akakupa wewe, nyingine mimi. Akasema watu wasio ndugu zamani walikula punje hizo na damu ili wawe ndugu, "na ninyi niliowazaa mimi mnang'atana!" Tukatafuna tunalia. Tangu hapo sijawahi kugawana tunda moja na mtu mwingine, hata Maulida. Sijui kwa nini nakuandikia haya katikati ya kampeni.

Tundika bendera, dada. Kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Anwari


Ijumbi, Muleba
5 Oktoba

Anwari mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Hujambo, na wa nyumbani hawajambo? Mimi mwili hauna neno, moyo ndio umechoka. Mnyauko umeingia kibanjani. Ulianzia mgomba wa ukingoni, majani yakawa ya njano, na nilipokata ndizi, ndani ilikuwa na rangi ya kutu. Sasa umeshika migomba mingi, ile iliyopandwa na Babu. Asubuhi nikitoka na ukungu bado umelala, naiona imeinamisha vichwa kama watu wanaosali, nami naogopa kupita katikati yao.

Siku ya Alhamisi nilikuwa nakata iliyokufa, nalia kidogo, nikasikia hodi. Ni Vestina wa Mtungi. Alikuja kwa miguu, yeye na binti mmoja. Nilidhani ataanza hotuba. Akavua viatu, akaomba panga la pili. Akakata nami mpaka jua likakaa utosini. Na kila akimaliza mgomba alilipitisha panga kwenye moto wa majani kabla ya kugusa mwingine, ili ugonjwa usihame na chuma. Mimi nilikuwa sifanyi hivyo, Anwari. Nimekuwa nikiubeba ugonjwa mwenyewe, mgomba hadi mgomba, kwa mkono wangu. Alinieleza bila kunicheka. Kwake pia ulifyeka nusu ya shamba. Hakuniomba kura. Aliuliza tu kama bwana shamba ameshafika kijijini, nikamwambia tunamwona kwenye mabango ya ahadi tu.

Tulipokaa kivulini nikaleta kikapu. Na hapa ndipo lilipotokea jambo, nalisema mwenyewe kabla Riyadhi hajakuletea. Mikono yangu ilikuwa imechoka, akili iko mbali, nikawa namwaza Ma. Nikachukua tunda moja, nikalipasua kwa meno, punje moja nikampa yeye, nyingine nikatia mdomoni. Niliposhtuka alikuwa ameshaanza kutafuna, naye ananitazama, kwa kuwa anajua maana yake. Tukatafuna wote wawili. Kuna watu walikuwa wanapita njiani, wakaona.

Haikuwa na damu, kwa hiyo si kiapo. Lakini sikuitema, Anwari.

Bendera bado iko miguuni pa kitanda.

Dada yako,
Hafidha


Bakoba, Bukoba
10 Oktoba

Hafidha,

Salaam.

Riyadhi alinieleza kabla ya barua yako. Alinieleza mbele ya watu, na watu wakacheka. Wanasema Mtungi umenyweshwa nyumbani kwa Anwari.

Kura ningeweza kukusamehe. Kura ni ya siri, unaingia unatoka, hakuna ajuaye. Lakini punje ya Ma! Ulimpa mgeni punje ya Ma, uani kwa Tata, chini ya mlingoti wa Tata.

Uliporudi kutoka kwa mumeo wazee wa ukoo waliniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mrithi. Nikasema akae. Kibanja hicho ni changu, dada, na unakaa kwa neno langu. Sikuwahi kukukumbusha, na leo nakukumbusha. Mtu hakai kwenye kivuli cha mgomba akamkata mwenye mgomba.

Bendera ipande kabla ya Ijumaa.

Anwari


Ijumbi, Muleba
30 Novemba

Anwari,

Assalaam alaykum. Natumaini mu wazima huko, na Maulida kifua kimepona. Mimi nipo.

Sikujibu barua yako ya Oktoba. Niliisoma nikaiweka chini ya mto, na kila nilipolala juu yake sikuota kitu. Nimeishi miaka hamsini na mbili sijawahi kupata usingizi mtupu namna ile. Uliniumiza, mdogo wangu. Ni kweli tupu uliyoandika, ndiyo maana iliuma.

Sasa yamekwisha. Nimesikia Mtungi umechukua kata, na nimesikia kiti cha mkoa kimekwenda kwa mtu mwingine. Nimekusikitikia, naapa. Nilisimama uani nikatazama upande wa Bukoba kama ningeweza kukuona.

Nataka ujue yaliyotokea, uyapate kwangu. Bendera yako niliitundika, siku moja tu, kabla ya Ijumaa ile uliyosema. Nilikaa chini nikaitazama ikipepea, nikangoja nijisikie mtoto wa Tata. Nikajisikia mpangaji. Jioni niliishusha, nikaikunja, iko ndani ya sanduku lake pamoja na kanzu yenye kiraka. Haijachafuka.

Siku ya kura nilikwenda mapema. Walitupigisha kwenye darasa la pili, kuta zimejaa ba be bi bo bu, inanukia chaki na watoto. Nilipoingia nyuma ya lile boksi, nje kukawa kimya, na ukungu ulikuwa bado dirishani, nikahisi nimesimama ndani ya moja ya ndoto zangu. Kagaruki ananitazama kwenye karatasi, na Vestina ananitazama. Nikatafuta sura yako, Anwari. Wallahi niliitafuta. Ungekuwa wewe ningekupa macho yakiwa yamefumba. Lakini hukuwemo kwenye karatasi ile. Alikuwemo mtu aliyenipungia mkono, na mtu aliyelipitisha panga kwenye moto. Nikampa Vestina. Hata nisingegawana naye punje ningempa. Nikakunja karatasi, nikaitumbukiza, nikatoka.

Ndiyo hiyo. Ulisema kura ni siri, ila mimi siwezi kukaa kwenye kibanja chako na siri yangu.

Senene wameanguka juzi, wengi, alfajiri nyasi zote zilikuwa zinatembea. Nimekukaangia, wamo kwenye kopo. Na kwenye kikaratasi utakuta tunda moja la akamwani. Moja tu, sijalipasua. Lipasue wewe. Ukinirudishia punje moja, nitajua nipalilie, nipande machipukizi mapya pale migomba ya Babu ilipokuwa. Usiporudisha, nitajua pia. Sitakulaumu. Nitafunga vitu vyangu kabla ya mwaka kuisha na funguo nitamwachia Rutashobya.

Dada yako bado,
Hafidha


Bakoba, Bukoba
24 Desemba

Dada yangu Hafidha,

Assalaam alaykum waitu. Maulida hajambo, senene amekula zaidi yangu. Mimi si mgonjwa ila nimekonda, shati linaniambia.

Nisamehe nimechelewa, najua ulikuwa unahesabu mabasi. Tunda lako limekaa mezani pangu ofisini tangu lilipofika. Nilikuwa na hasira nalo. Kila asubuhi nalikuta pale, dogo, jeusi, linaningoja. Siku moja Riyadhi alinyoosha mkono alitafune, nikampiga mkono mbele ya watu, na ndipo nilipojijua.

Juzi nimemwota Ma. Nilizoea kuzicheka ndoto zako, sasa zimenijia mimi. Tulikuwa wadogo, umeniuma bega, tunasubiri. Ma akachukua tunda, akalipasua, akakupa wewe punje yako. Kisha akakaa tu, amefumba mkono. Nikamwambia Ma, na mimi? Akasema, "Wewe unayo tayari, umeificha." Niliamka bega linaniuma mahali pale pale.

Umeniambia kwamba sikuwemo kwenye karatasi. Ndilo limenitoa machozi. Miezi mitatu yote nimekuomba unichague, na mimi sikugombea. Na yule Kagaruki niliyemwombea kura kwako sijampa akamwani yangu hata siku moja, dada. Wewe ungempaje kura?

Kuhusu kibanja, sitaki kuandika maneno mazuri, niliandika mabaya na ukayalalia. Mwezi wa kwanza nakuja na wazee wa ukoo, niseme mbele yao kwamba upande ule wa migomba ya Babu ni wako, si kwa neno langu. Nitakuja na panga. Tutawasha moto.

Uchaguzi mkuu ujao nitakuja tena kukuomba kura, maana ni kazi yangu. Ukininyima, uninyime ukiwa na kahawa yangu mkononi.

Nimelipasua kwa meno, kama yeye. Yangu nimeshatafuna, ni chungu kidogo, majani yamezidi. Yako imo ndani ya karatasi hii, chini kabisa, angalia isianguke unapoifungua.

Palilia.

Mdogo wako,
Anwari